Udongo Ulionuswa Asubuhi

"Yule mgeni alikuja tena leo," bibi alisema, akivuta sahani karibu yake.

Mkamwana wake alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alimtazama mumewe. Mume akatazama chakula.

"Mgeni gani, mama?"

"Ningemjua ningekwambia. Anakuja jua likishageuka, bati likianza kulia kwa joto. Hapigi hodi. Najua kafika kwa sababu ya manukato yake, matamu, kama tunda lililovia ndani." Bibi alitafuna polepole, akameza. "Anakaa pale." Alionyesha kwa kidevu kona ya chini ya dirisha. "Haniamkii, nami simwamkii. Nikija kushtuka, jua limekwisha na kichwa kinanigonga."

"Mama, umelala mchana chini ya bati, ulitegemea uote nini?" mwanawe alisema. "Mimi nikilala mchana naota nimelipwa."

"Ndoto hainuki."

Mume alicheka. Bibi naye akacheka kidogo, kwa kuwa alipenda mwanawe acheke, lakini jicho lake lilirudi pale konani likakaa.

Mtoto wao wa miaka mitano alikuwa amelala kwenye mkeka tangu alasiri. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa halitumiki tena. Kila mtu alimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Aliongea na kuku, akaongea na sufuria, na akikosa wote aliongea na vidole vyake vya miguu. Mama yake aliinama akamtikisa bega. Mtoto alifungua macho, akamtazama mama yake kama mtu aliyeonyeshwa picha ya jamaa wa mbali.

"Amka ule, Chiriku."

"Mdomo mzito," mtoto alisema, akalala tena.

"Amecheza sana," baba alisema.

"Hakucheza," bibi alisema. "Kakaa na mimi. Tulikuwa tunaongea, nikaona naongea peke yangu."

Mama aliweka kiganja juu ya paji la uso la mtoto. Halikuwa na homa. Kilichomshangaza ni sakafu chini ya goti lake, jinsi ilivyokuwa baridi na laini. Ilikuwa sakafu mpya. Msimu uliopita maji ya mvua yaliingia mle chumbani hadi kwenye miguu ya kitanda, wakalala wamekaa, mtoto mapajani, wakisikiliza sufuria zikigongana gizani. Baada ya hapo mume, ambaye ni fundi wa plasta, aliapa kuinua sakafu. Akaijaza udongo mwekundu mpaka usawa wa kizingiti, akaushindilia kwa mikono yake mpaka ukawa mgumu na mororo kama kiganja. Saruji ingefuata siku ikipatikana. Udongo wenyewe aliuleta mkewe. Hilo alilisema kwa watu bila kuulizwa: mke wangu ndiye aliyeupitisha, na akiupitisha yeye, umepita.

*

Kazini walimwita Pua, naye aliitika.

Ulikuwa uwanja mpana wa kuchambulia udongo na vifusi, nje kidogo ya mji, mahali yanapoletwa yote yanayochimbwa kwenye misingi na yote yanayobomolewa. Lori likiingia husimama kwanza kwake. Alipanda ngazi ya ubavuni na kijembe kifupi, akachimbua juu, katikati na pembeni kabisa, akavunja bonge kwa vidole. Alitazama rangi, akatafuta vigae, vioo, nyuzi, mng'ao wa mafuta. Akalowesha kidogo, akasugua. Mwisho wa yote alifumba macho akanusa.

Udongo safi ulikwenda kujaza barabara, bustani na sakafu za watu. Wenye kifusi ulikwenda kwenye mashine ukachekechwa, mawe yakasagwa kuwa kokoto. Wa tatu waliuita mgonjwa. Huo ulikuwa na shimo lake mbali, lililotandikwa nailoni nzito chini na juu, na hakuna mkandarasi aliyefurahi kuambiwa mzigo wake ni mgonjwa, kwa kuwa safari moja ya kule ilimlia faida ya wiki. Wengi walimbembeleza. Wachache walimtukana. Alikuwa amezoea yote mawili, na akiwa na shaka alijaza chupa akaipeleka maabara, basi.

"Pua, fanya hima," alisema dereva mmoja mrefu waliyemwita Mlingoti, akiwa amechungulia dirishani. "Foleni imefika kwa mkwe wangu."

"Msalimie mkweo."

"Sakafu inaendeleaje? Ule mwekundu niliowamwagia?"

"Vizuri. Umekaa."

"Ule ulikuwa udongo, bwana. Nilitamani niule. Nilikumwagia wewe, uliobaki wakaja kuniomba majirani zako, yule fundi cherehani wa konani na mama aliyejifungua. Nikawaambia huu umepita kwa Pua, jazeni mlale."

"Ila kuku hawaingii ndani siku hizi," alisema, na alijisikia ajabu kidogo kulisema.

"Wamestaarabika," Mlingoti alisema, akatia gia.

Udongo ule ulitoka kwenye shimo kubwa katikati ya mji, palipokuwa na ghala kuukuu lililovunjwa ili wajenge ghorofa. Malori hayakuruhusiwa mitaani maduka yakishafunguliwa, hivyo shimo lile lilipakiwa alfajiri na mzigo ukafika uwanjani umande ukiwa bado juu ya turubai. Alikwenda mpaka kule shimoni mwenyewe, mara moja, amevaa koti, pumzi ikimtoka moshi. Kijiko cha mashine kilikuwa kimeacha ukuta wa udongo mwekundu, mzuri, usio na kigae hata kimoja. Aliuvunja, akausugua, akafumba macho. Haukunuka kitu ila ubaridi. Hakuwa na shaka, na chupa haikujazwa. Aliandika safi.

*

Siku zilizofuata Chiriku aliendelea kunyamaza. Hakuwa mgonjwa wa kusema huyu ni mgonjwa. Alikula kidogo, alitembea, ila alitembea akishika ukuta, na jioni moja alikutwa amekaa mbele ya sufuria akiitazama bila kuiambia neno. Bibi naye alianza kuburuta maneno. Alimwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe, akajisahihisha, akaona aibu.

Jioni hiyo mkamwana aliosha vyombo. Alipofika kwenye kikombe cha bibi, mkono ulisita. Alikigeuza, akatazama nyuma, kisha akakiinua hadi puani na kufumba macho.

"Umepata nini?"

Bibi alikuwa amesimama kwenye pazia.

"Nini, mama?"

"Humo kikombeni. Mchana kutwa unanusa taka za watu, ukirudi unaninusa mimi."

"Mama, si hivyo. Mtoto analala mno. Nataka tu kujua anakunywa nini mchana."

"Anakunywa maji. Na mimi nakunywa maji. Wewe unadhani nalewa, namlewesha na mjukuu wangu."

"Sijasema hivyo."

"Ungesema ingekuwa nafuu." Bibi alisogea mpaka wakawa uso kwa uso, akafungua kinywa wazi, kichwa nyuma, kama mtoto mbele ya daktari. "Nusa. Kazi yako si hiyo? Nusa uandike."

Angeweza kukataa. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakukataa. Aliinama akanusa kinywa cha mama wa mumewe, na akasikia chai, na meno ya uzeeni, na nyuma yake, mbali kabisa, kitu kitamu. Akadhani ni peremende.

"Safi?" bibi aliuliza.

"Safi, mama."

Bibi alichukua kikombe chake kutoka mkononi mwake, akaenda kukaa nacho mlangoni mpaka usiku. Mume alipopata habari alisimama, kofia mkononi.

"Umemnusa mama yangu mdomo?"

"Alitaka mwenyewe."

"Angetaka umpige kofi?"

Mume aliining'iniza kofia ukutani, ikaanguka, akaiacha ilipo.

*

Kesho yake aliomba ruhusa atoke mchana. Alisema ana mgonjwa nyumbani, na alipokuwa akisema aliona ni kweli.

Alifika jua limegeuka. Mtaa ulikuwa umetulia kama unavyotulia saa hizo, watu wazima kazini na waliobaki wamejilaza. Kuku wao wote walikuwa ng'ambo ya mtaro, wamesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa jirani, wakiutazama mlango wake. Hakuna aliyekuwa akidonoa. Alipiga hodi. Bati la nyumba lililia kidogo, kisha likanyamaza.

Mlango ulikuwa umerudishwa na dirisha limefungwa. Bibi alipenda kufunga ili vumbi lisiingie. Ndani kulikuwa na joto la kumvua mtu nguo. Alisimama akizoesha macho. Bibi alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mtoto kando yake, wameshikana mikono. Wote wawili walikuwa wamefumbua midomo. Alivuta pumzi kusikia kama kuna harufu, hakusikia ila joto na nguo.

"Mama. Nimerudi mapema leo."

Hakuna aliyejibu. Akapiga goti kumwamsha mtoto, na hapo ndipo alipokutana na yule mgeni.

Alikuwa chini. Utamu ulimwingia puani mzima mzima, mzito, wa baridi, ukashuka hadi kifuani, na ulimi ukafa ganzi ubavuni. Alishtuka akasimama, ukapotea. Akainama tena taratibu, kama mtu anayechungulia kisima, na kwenye usawa wa kiuno haukuwepo, kwenye usawa wa goti ulianza, na kwenye usawa wa kichwa cha mtoto wake ulikuwa umetulia, umekaa, kama wa nyumbani. Alijikuta amefumba macho. Miaka yote ya kazi ilimfumbia macho yenyewe. Akajua. Aliwahi kurudisha malori yenye harufu hii, yakitoka kwenye karakana wanakoosha vyuma vya injini kwa dawa ya kukata grisi. Kichwa kilianza kuwa chepesi, na wazo likamjia, la upole kabisa, kwamba si vibaya na yeye akilala kidogo pale katikati yao.

Alimnyanyua mtoto kwa makwapa akamburuta nje. Akarudi, akabana pumzi, akamvuta bibi kwa mkeka wake wote mpaka kizingiti kikamkwaruza mgongo. Alimwagia Chiriku maji ya ndoo. Midomo ya mtoto ilikuwa ya rangi ya majivu. Akampiga nyayo, akamwita kwa jina lile alilopewa alipozaliwa, lisilotumika. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akaanza kulia kilio cha hasira.

Bibi alifumbua macho juani. Alimtazama mkamwana wake muda mrefu.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Basi," bibi alisema, akafumba tena macho, kwa amani.

Jirani alikwenda kumwita mume, naye akaja mbio na chokaa mikononi akawapeleka wagonjwa zahanati. Mke alibaki nyuma kidogo. Alichukua kijiko cha chakula, akafungua dirisha na mlango, akachimbua sakafu konani na kutoka nje na bonge la udongo. Alilinusa. Lilikuwa baridi, kutoka chini, halikunuka kitu. Ulikuwa udongo uleule mzuri wa kule shimoni. Alilikumbatia kwa viganja viwili, akalipulizia pumzi yake, akakaa nalo hivyo kwenye jua mpaka likapata joto. Kisha akafungua viganja, na utamu ukampanda puani.

Akakumbuka koti. Akakumbuka pumzi ikimtoka moshi.

*

Zahanati waliwalaza kwa muda, wakawatazama macho, wakawapa hewa ya mtungi. Daktari alisema wataendelea vizuri, ila wasirudi mle ndani hata kwa kuchukua kijiko. Aliuliza nyumba imepakwa nini. Mume alimtazama mkewe. Mke alisema, "Haijapakwa kitu. Ni sakafu."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye lundo la udongo mwekundu lililobaki uwanjani. Alijaza kopo nusu, akalifunga mfuniko, akaliweka juu ya bati lililokuwa juani. Akaendelea na kazi. Hakupitisha lori hata moja asubuhi hiyo bila kurudi kuvunja bonge mara ya pili na ya tatu, na madereva wakaanza kupiga honi. Jua lilipokuwa kali alimwita msimamizi, akamwita na Mlingoti, akafungua mfuniko.

Mlingoti alirudi nyuma hatua nzima. "Huu si ule—"

"Ndio huo."

"Mimi nimelala siku mbili kwenye bodi la lori lile."

"Kaoge," alisema. "Na bodi ulioshe."

Msimamizi hakurudi nyuma. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyemfundisha yeye kazi kabla magoti hayajamshinda kupanda ngazi za malori. Alirudisha mfuniko, akaubana kwa kiganja, akamwashiria Mlingoti aende. Walibaki wawili.

"Palikuwa na ghala pale," alisema.

"Kabla ya ghala palikuwa na kitu kingine, labda karakana. Sikuuliza."

"Hata mimi sikuuliza." Alitazama lundo. "Unajua ukisema mgonjwa kinafuata nini. Shimo linafungwa. Kila mahali mzigo ule ulipokwenda, tunaufuata. Na wa kwanza kuulizwa ni aliyeupitisha."

"Najua."

"Sitakufukuza mimi. Watakufukuza wao, mimi nitatumwa tu kukwambia." Alisugua goti lake. "Sikwambii useme uongo, dada. Nakwambia usikimbilie kusema. Hili lundo nitalipeleka kunakostahili, niachie mimi. Hapo kwako, mumeo ni fundi. Mafundi wana makopo ya dawa kali. Kopo linaweza kumwagika."

"Mume wangu ni wa plasta. Hatumii makopo hayo."

"Nani atajua tofauti?"

Alimpenda mzee huyu, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe magumu kuyasikia. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa kazi nyepesi.

"Wako majirani wawili," alisema. "Na wao ni mafundi wa plasta?"

Kopo lilikuwa bado mkononi mwa msimamizi, amelishika mbali kidogo na mwili.

*

Alipofika nyumbani vitu vyote vilikuwa nje: kitanda, sufuria, kofia, kikombe cha bibi juu ya stuli. Bibi na Chiriku walikuwa wamekaa chini ya turubai la kuazima. Mtoto alikuwa akimweleza kuku mmoja habari za mtungi wa zahanati, polepole, akitafuta maneno. Mume alikuwa amefunga kitambaa puani, anachimba. Alikuwa ameshajaza mifuko na kuipanga ukutani vizuri, kama mifuko ya saruji.

"Sakafu yangu," alisema, akishusha kitambaa. "Fundi mzima nachimba sakafu yangu na watu wananiona. Mmoja kaniuliza kama natafuta hazina."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimeipata, ndiyo naitoa." Hakucheka. "Huu nimwage wapi?"

"Hauna pa kumwagwa."

"Kila udongo una pa kumwagwa. Mtaro ule pale. Watu wakilala."

"Mtaro unakwenda wapi, baba Chiriku?"

Alifuata mtaro kwa macho, nyumba hadi nyumba, mpaka unapopinda. Akatupa jembe.

"Basi uende kwenye lile shimo lenu la nailoni."

"Hawapokei mpaka wajue umetoka wapi na nani aliupitisha."

Hapo alielewa. Alikaa juu ya mfuko mmoja, akagundua amekaa juu ya nini, akasimama tena. "Bila mshahara wako tunakaa wapi? Hapa chini ya turubai? Tuutoe wa kwetu, tuutoe wa majirani, tuwaambie yule mkandarasi katudanganya. Na si uongo. Nani aliuchimba? Si yeye?"

"Hakunidanganya. Hakuniambia kitu. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia yeye."

"Uliunusa. Ulifanya kazi yako."

"Niliunusa asubuhi," alisema. "Udongo wa baridi. Umelala. Nikasema hauna kitu."

Nyuma yao bibi alikuwa akisikiliza. Masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Mwanangu," bibi alisema, na haikujulikana anamwita yupi, mpaka alipoendelea. "Wewe uliyeninusa. Nenda sasa hivi. Jua limeshageuka."

Waliondoka pamoja. Mume hakuwa amekubali, lakini hakutaka aende peke yake.

Fundi cherehani wa konani aliwasikiliza akiwa bado kwenye kiti chake kirefu, mguu juu ya pedali. Alisema kweli kichwa kilikuwa kinamuuma, alidhani ni macho, akanunua miwani. Aliivua akaitazama. Kisha akauliza ni kwa nini mtu wa serikali hajaja, na mume akasema kwa haraka kwamba watakuja, kwamba mkandarasi, kwamba kampuni, na mkewe akamwacha amalize, kwa kuwa alikuwa akitazama nyumba ya pili. Dirisha lake lilikuwa limefungwa.

Mama aliyejifungua alifungua mlango mwenyewe, shuka begani, uso umepumzika.

"Karibuni. Ila semeni polepole, amelala."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mchana. Siku hizi ananihurumia. Mwanzo alilia mpaka na mimi nikalia naye, lakini tangu mtupatie ule udongo, alasiri nzima kimya. Namlaza pale chini, pana ubaridi. Nilikuwa nataka nije nikushukuru, mama Chiriku."

Mume alifungua kinywa. "Shemeji, kuna hii kampuni—"

Mkewe alimshika mkono. "Kamwamshe," alisema.

"Ndiyo kwanza kapata—"

"Kamwamshe, mlete nje. Halafu nitakwambia."

Yule mama aliwatazama mmoja mmoja. Tabasamu lilibaki usoni pake muda kidogo, halina tena kazi. Akaingia. Walisikia pazia. Walisikia akimwita mtoto kwa sauti ya utani, kisha kwa sauti yake ya kawaida, kisha kwa sauti ambayo hawakuwahi kumsikia nayo. Mume alipiga hatua, lakini mkewe alikwishampita.

Walitoka naye wote pamoja, nusura waanguke, mpaka chini ya jua. Mtoto alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Mama yake alikaa palepale mavumbini, akampulizia uso, akamsugua mgongo, na yule aliyeitwa Pua akampiga nyayo kama alivyompiga wake. Kwa muda hakukuwa na sauti yoyote mtaani. Kisha kilio kikaja, chembamba, kikakatika katikati, kikarudi.

Mama wa mtoto aliinua uso. "Mmeniwekea nini ndani?"

Mume alikohoa akatazama pembeni.

"Ni ule udongo," mkewe alisema. "Ni mgonjwa. Ulipita kwangu, nikaunusa kukiwa na baridi, nikaandika safi. Dereva aliwaambia mlale kwa sababu mimi nilisema. Kesho nitakwenda kuwaambia na wakubwa, watakuja kuutoa. Ni mimi."

Alingoja atukanwe. Yule mama hakumtukana. Alimvuta mtoto kifuani, akajigeuza kidogo, bega lake likawa katikati ya mtoto na wao. Mtoto aliendelea kulia, nao wakabaki hivyo, wawili wamesimama na mmoja amekaa, wakimsikiliza, kila mmoja akiogopa asije akanyamaza.